Kitufe cha "Andika juu"

Kila Jumatano baada ya kengele ya mwisho, wanachama wa klabu ya kompyuta walifungua madirisha ya chumba chao, wakapangusa vumbi kwenye mashine, kisha wakagombania viti visivyoyumba. Chapuchapu hakugombania. Alikuwa amekwisha kukaa. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kila jambo alilifanya mbiombio; walimtania kwamba hata usingizi alilala kwa haraka ili awahi kuamka.

Mwaka ule klabu ilikuwa na kazi ya kujivunia. Programu waliyotumia kurekebisha picha ilikuwa ya bure. Ilitengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, na yeyote aliruhusiwa kuichokonoa na kuiboresha. Lakini vitufe vyake vilikuwa na majina ya Kiswahili ya kumkunisha mtu kichwa, na mwongozo wa Kiswahili haukuwepo. Mwalimu wa kompyuta akawagawia wanafunzi kurasa za kuandika.

"Sitaki mniandikie mnachodhani," aliwaambia. "Fanya kila hatua kwa mkono wako mwenyewe, ndipo uandike. Mwisho wa ukurasa weka neno 'Nimejaribu'. Msomaji ataliegemea neno hilo."

Chapuchapu alipewa ukurasa wa kupunguza ukubwa wa picha. Hatua za mwanzo alizifanya vizuri. Alipofika kwenye kuhifadhi alikuta kitufe kilichoandikwa "Andika juu". Alitupa jicho pembeni, akaona wenzake wanakaribia kumaliza. Akawaza: andika juu, maana yake unaandika jina jipya pale juu, unapata nakala ya pili. Hakukibonyeza. Akaandika: "Bonyeza 'Andika juu'. Utapata picha mpya ndogo, na ile kubwa itabaki salama." Chini yake akaandika, "Nimejaribu."

Ukurasa wake ulikuwa wa kwanza kubandikwa ukutani.

Rafiki yake mkubwa pale klabuni alikuwa Kadogo, binti wa fundi cherehani. Mama yake Kadogo alikuwa amefariki, na picha yake iliyobaki ilikuwa moja tu, kwenye flashi. Simu iliyoipiga ilishakufa zamani. Katika picha hiyo mama alisimama mlangoni pa duka la mumewe, tepu ya kupimia shingoni, anacheka na mtu asiyeonekana. Fundi alikusudia kuipeleka studio ichapishwe kubwa, aitundike juu ya cherehani.

Kadogo alitaka kumfurahisha baba kabla ya hapo. Simu ya baba ilikuwa ndogo, haikubali picha nzito. Basi siku moja alikaa kwenye mashine ya klabu, akasoma ukurasa wa Chapuchapu, akafuata hatua moja baada ya nyingine. Picha ikawa ndogo, ikaingia kwenye simu. Jioni ile fundi aliitazama mpaka kioo cha simu kikazima, akakiwasha tena.

Wiki iliyofuata alikwenda studio na flashi yake. Mpiga picha aliifungua picha, akaivuta iwe kubwa, akatikisa kichwa. Uso wa mama ulikuwa vipande vya rangi kama vigae vilivyovunjika.

"Mzee, hii ni ndogo kama ukucha," alisema. "Ile yenyewe iko wapi?"

Ile yenyewe haikuwepo.

Kadogo alimkimbilia Chapuchapu. "Picha kubwa imepotea. Nilifuata ukurasa wako neno kwa neno."

 Chapuchapu alimwambia asubiri nje, akaingia chumba cha klabu, akafungua picha yoyote, akaipunguza, akabonyeza "Andika juu". Picha ndogo ikaingia mahali pa ile kubwa, ikaifuta kabisa. Mashine haikumuuliza chochote.

Alitoka nje akiangalia viatu vyake. "Labda ulibonyeza kitufe kingine," alisema.

"Labda," alijibu Kadogo. Aliamini. Siku zote alimwamini.

Siku chache baadaye Chapuchapu alitumwa na mama yake kuchukua sketi iliyokuwa kwa fundi. Alikuta duka limetulia. Cherehani haikuwa ikilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sketi yako bado. Siku hizi mkono hauendi." Fundi alikunja kitambaa, akakikunjua. "Huyo rafiki yako ameacha kunisaidia hata kutunga uzi. Nilimwambia mikono yake ni mizito, kila akishikacho kinaharibika. Sikupaswa kusema. Lakini nilisema."

Kule nyuma ya pazia Kadogo alikuwa ameketi, anasikia kila neno, wala hakuinua kichwa.

Chapuchapu alishika ukingo wa meza. "Si yeye, baba. Ni mimi. Niliandika kwamba nimejaribu, na sikujaribu. Halafu nilijua, nikamwambia kakosea yeye."

Fundi aliweka kitambaa mezani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini. "Usiniambie mimi. Mwambie mwanangu, nami nina langu la kumwambia."

Chapuchapu alisema yote tena, mbele ya pazia lililofunguliwa. Kadogo alisikiliza mpaka mwisho. "Uliniacha nijichukie," alisema, akarudisha pazia.

Kesho yake mwalimu alizipata habari kutoka kwa Chapuchapu mwenyewe. Alijaribu kila njia aliyoijua kuifufua picha kwenye flashi, akashindwa. Kisha akaubandua ukurasa ukutani. Aliwaandikia wale watu wa kujitolea, akawaeleza jinsi jina la kitufe lilivyopotosha. Hawakubisha. Katika toleo lililofuata kitufe kiliitwa "Futa ya zamani, weka hii", na kabla ya kufuta programu iliuliza kwanza. Hakuna mtoto mwingine ambaye angepoteza picha kwa namna ile.

Chapuchapu aliandika ukurasa upya. Safari hii alibonyeza kila kitufe, akarudia, akatazama kama picha kubwa imebaki. Kadogo alikuwa amehamia mashine ya mbali, karibu na mlango. Ukurasa ulipobandikwa aliusogelea.

"Umejaribu?" aliuliza bila kumgeukia.

"Nimejaribu."

Kadogo akarudi kwenye mashine yake, akachukua picha ya mti wa shuleni, akaanza kujaribu kila hatua mwenyewe, taratibu.

Chapuchapu alimwangalia mwalimu, macho yamemjaa machozi. "Nimesema kweli, mwalimu."

"Najua," alisema mwalimu. "Mwache akague. Kosa la kudhani lilikuwa lako na kitufe pamoja, na hilo tumelirekebisha. Lakini uongo ulikuwa wako peke yako, na hauna toleo jipya. Ukimdanganya mtu mara moja, unamtwisha kazi ya kukagua kila unachosema baada ya hapo. Huwezi kumwomba aitue. Wewe sema kweli leo, na kesho, na siku zote, mpaka achoke kukagua mwenyewe."

"Na asipochoka?"

"Utaendelea kusema kweli," alijibu mwalimu, akaenda kufunga madirisha.