Kiganja cha Dhamana

Jumamosi ile nilikwenda dukani kwa kaka yangu mkubwa kukatiwa kioo cha fremu. Yeye ni fundi vioo. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango mpana. Upande wa kushoto vioo vimesimamishwa kwa kufuata ukubwa, kama vitabu kwenye rafu. Katikati kuna meza ya kukatia iliyotandikwa zulia kuukuu. Alichovya kikatio kwenye kopo la mafuta ya taa, akavuta mstari mmoja bila kusita, akagonga mara moja kwa chini. Kioo kikaachana.

"Wifi yako anasema umekonda," alisema bila kuinua macho.

"Mwambie aache kunipima."

"Mwambie mwenyewe. Mimi bado nakula kwake."

Nitaeleza niliyoyaona na niliyoambiwa, na sitayachanganya. Hiyo ya fremu niliiona.

Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la puti, ule udongo laini wa kushikizia vioo, na haikuacha kulia. Lilikuwa kundi lake la sataranji. Watu arobaini hivi, hawajuani kwa sura wala kwa majina. Kila mmoja ana lakabu. Kaka alijiita Puti. Hasimu wake alijiita Kiroboto. Msimamizi alijiita Mama Farasi, ingawa hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ni mwanamke. Walichambua michezo, wakabishana, wakatukanana kwa upole. Kaka alilipenda kundi hilo kwa sababu hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani.

Walichokiogopa ni udanganyifu. Mtu anaweza kucheza nawe huku kompyuta inamnong'oneza cha kufanya, na kwa kuwa humwoni, utamwita bingwa. Kwa hiyo walijiwekea utaratibu. Mgeni hucheza mchezo mmoja mbele ya kamera, na kamera huelekezwa ubaoni. Ionekane mikono tu. Uso hapana, jina hapana. Kabla ya hapo, mwanachama mmoja lazima amdhamini: anarekodi kiganja chake kikiwa wazi, na anasema neno moja, "Namjua." Mdhamini akilifuta neno lake, wote wawili wanatoka.

Kwa miezi mitatu mtu aliyejiita Mpangaji alikuwa akimwandikia kaka pembeni. Alikuwa ameona michezo yake mahali fulani. Alimwonyesha makosa yake moja baada ya jingine, bila haraka, bila majivuno. Kaka akamfunga Kiroboto kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Wiki hiyohiyo Mpangaji akaomba adhaminiwe.

"Unamjua?" nilimuuliza kaka.

"Namjua anavyocheza."

"Sikuuliza hivyo."

"Wewe kila kitu unataka mashahidi wawili," alisema. "Huu ni mchezo, mdogo wangu. Mtu akikuonyesha anavyofikiri, jina lake la nini?"

Akanipa simu nimshikie. Akainua mkono wa kulia. Kidole cha pete cha mkono huo hakina ncha. Kioo cha dirisha kilikichukua miaka kumi na tisa iliyopita, na kundi zima lilimtambua kwa kidole hicho.

"Namjua," alisema.

Video ilikuwa ya sekunde mbili. Niliirekodi mimi.

Mchezo wa Mpangaji ulirushwa Jumatano saa saba mchana. Wifi alikuwa ameleta chakula dukani, nami nilipita kwa sababu ofisi yangu haiko mbali. Tukakaa watatu kuizunguka simu.

Ubao ulionekana. Kisha mikono.

Ilikuwa mikono ya mtu wa makamo, mikavu, yenye mishipa iliyosimama. Chini ya kidole gumba cha kushoto kulikuwa na kovu jeupe lililopinda. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umepasuka kwa urefu. Chini ya ubao palikuwa na zulia kuukuu.

Niliitazama mikono ya kaka, mmoja umeshika kijiko, mwingine sahani. Kovu lilikuwa pale. Ukucha ulikuwa umepasuka hivyohivyo.

Wifi aliweka sahani chini.

"Kidole chako kimepona lini?" alinong'ona.

Kwenye simu, mkono wa kulia ulinyanyua farasi. Kidole cha pete kilikuwa kizima.

Kaka alicheka kidogo. "Mikono imejaa duniani," alisema. Lakini aliuteremsha mkono wake wa kulia chini ya meza, akaendelea kula kwa kushoto. Hakuutoa mpaka tulipoondoka.

Mpangaji alishinda. Kiroboto aliandika: "Puti, safari hii umetuletea mtu."

Ijumaa kaka alivunja vioo vitatu. Wifi ndiye aliyenipigia. Nilipofika nilimkuta kaka amesimama mezani, kikatio mkononi, akikigeuza huku na huku. Mkono haukutetemeka. Hakuwa na maumivu.

"Nimesahau kinashikwaje," aliniambia.

Alikuwa amekishika kwa miaka ishirini na saba.

Tulimpeleka hospitali. Walimpima shinikizo la damu, sukari, wakapiga picha ya kichwa. Daktari alisema hakuna kasoro anayoiona, akashauri apumzike. Njiani kurudi kaka alitoa ubao mdogo wa mfukoni aliozoea kutembea nao. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza farasi anakwendaje.

Nilidhani ananitania. Nilisubiri acheke.

Jioni hiyo Mpangaji aliweka video kundini. Alicheza mchezo mzima peke yake, akieleza kwa maandishi kila hatua. Mwishoni mikono ilisogeza ubao pembeni. Ikalaza kioo kwenye zulia. Ikachovya kikatio, ikavuta mstari mmoja bila kusita, ikagonga mara moja kwa chini. Watu waliweka alama za kucheka. Hakuna aliyeuliza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mpangilio. Jumapili kaka alisahau ufunguo upi ni wa duka. Jumanne alisahau njia ya kutoka dukani hadi nyumbani, mtaa mmoja tu na kona mbili. Wifi alimwandikia njia kwenye kadi, akamtilia mfukoni. Alhamisi alisahau kadi ni ya nini.

Lililonisumbua ni kwamba alijua. Alikaa nyumbani kwenye kiti chake karibu na dirisha, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza kazi iliyoharibika:

"Kila ninachokijua kinahamia kwake. Nilisema namjua, na sikuwa namjua. Sasa anahakikisha mmoja wetu anamjua mwenzake."

"Basi futa neno lako," nilisema.

"Fanyeni upesi," alisema. "Sijui kesho nitakuwa nimebakiwa na nini."

Nilimwandikia Mama Farasi kwa simu ya kaka. Nilieleza kwamba Puti anaumwa, kwamba alidhamini mtu asiyemjua, kwamba tunaomba jambo hili lifutwe. Alijibu kwa adabu. Kufuta ni haki ya mdhamini mwenyewe. Anyooshe kiganja kilekile, aseme neno "Simjui." Hawezi kusemewa. Kundi liko tayari, linasubiri.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua liliingia hadi katikati ya chumba. Wifi alimfungua kaka kifungo cha mkono wa shati, akamkunjia. Nilishika simu. Kaka akainua mkono wa kulia.

Alifumbua mdomo. Akakitazama kiganja chake.

"Simjui nani?" aliuliza.

Nilizima. Nikamweleza upya: kundi, mgeni, dhamana. Alisikiliza kwa makini. Akaitikia kwa kichwa. Nikawasha.

Aliinua mkono. Akanyamaza.

Nikazima. Nikaeleza tena. Wifi alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mara ya nne nilipowasha, macho ya kaka yalikuwa yanazunguka chumbani, yakitafuta kitu cha kushika. Niliona anapotea. Nikanong'ona.

"Sema simjui."

"Simjui," alisema.

Nikatuma.

Dakika moja ikapita. Mbili. Kiroboto ndiye aliyejibu kwanza.

"Huyu ananong'onezwa. Ongezeni sauti. Kuna mtu wa pili."

Wakaongeza sauti. Wote walisikia. Arobaini wale walikuwa wamekutana kwa ajili ya jambo moja tu, kumkamata mtu anayenong'onezwa, na sasa walikuwa wamempata. Niliandika kwamba mimi ni ndugu yake. Waliuliza ndugu yake kwa jina gani, nani ananijua. Niliandika kwamba mgonjwa yuko hapa, mbele yangu. Mmoja akajibu kwamba kila mdanganyifu ana mgonjwa.

Kisha Mpangaji akaandika, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Msiwe wakali kwake. Puti ni mtu mwema. Namjua."

Mama Farasi alitoa uamuzi kabla ya saa tano. Kufuta hakukubaliki. Puti anaondolewa kwa udanganyifu. Mpangaji anabaki.

Simu ikalia mara moja. Kundi likatoweka kwenye kioo chake.

"Wamesemaje?" wifi aliuliza.

Nilimgeuzia simu. Kaka alikuwa bado ameinua mkono. Hakuna aliyekuwa amemwambia aushushe.

Kwa siku chache zilizofuata niliwatafuta watu waliobobea katika mambo ya mitandao. Waliniambia akaunti ya Mpangaji haina namba wanayoweza kuifuatilia, na kwamba hilo si jambo la ajabu, ndiyo maana ya lakabu. Wifi, kwa upande wake, alimleta mtu wa dua. Alisoma, akamshika kaka kichwani, akasoma tena. Alipomaliza aliniita mlangoni.

"Nimeita," alinong'ona. "Kinachoitika hakiko humu ndani."

Alikataa chai. Akaenda zake.

Siku ya tisa baada ya uamuzi ule nilikuwa nimekaa na kaka dirishani. Nilikuwa namsomea gazeti. Alikuwa amevaa vizuri, amenyolewa, ameweka mikono magotini. Wifi alikuwa jikoni. Simu yangu, siyo yake, ikatetemeka.

Umedhaminiwa, ujumbe ulisema. Karibu kundini.

Sikuwa nimeomba. Chini yake kulikuwa na video ya sekunde tano. Nilipaswa kuifuta. Niliifungua.

Kiganja wazi, vidole vitano vizima. Sauti ilikuwa ya kaka, ile ya dukani, ya mtu anayeongea huku akifanya kazi.

"Namjua. Ni mdogo wangu."

Niliinua kichwa. Kaka alikuwa ananitazama. Hakuwa na hofu wala hasira. Alinitazama kama fundi anavyomtazama mtu aliyeingia dukani kabla hajajua amefuata nini. Kisha akageukia jikoni, akamwita mke wake, akapunguza sauti nisije nikaona vibaya.

"Samahani. Huyu ameshahudumiwa?"

Wifi alikuja na taulo mkononi. Alinitazama, akamtazama yeye. Alikaa chini pale alipokuwa, sakafuni.

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Duka limefungwa. Kaka anakula, analala, anaitikia salamu. Wifi sasa anaitwa naye "dada", kwa heshima sana.

Nimejitoa kundini mara tano. Kila nikijitoa narudishwa, na kila nikirudishwa ile video inakuja upya. Mwanzoni sikugundua kwamba inarefuka. Ya pili ilikuwa ya sekunde ishirini. Ya nne, dakika moja na nusu. Kiganja hakisogei. Sauti inaeleza. Inasema nilizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha, na kwamba yeye ndiye aliyetumwa kumwita mkunga, akaanguka kwenye matope, akaogopa kusema. Mama hakuwahi kunisimulia hilo. Hakulijua.

Jana wifi aliniuliza kwa nini sijaifuta. Nilikuwa nimekuja kumsaidia kumwogesha kaka, na tulikuwa tumemaliza. Nilimpa simu asikilize mwenyewe. Ya sita ni ya dakika nne, na dakika ya mwisho haikunihusu mimi. Ilihusu msichana, kabla hajawa wifi yangu, aliyekuja dukani mara tatu katika wiki moja kununua kioo kilekile cha mezani, na fundi aliyejua kwamba hakuna nyumba inayovunja vioo vitatu kwa wiki, akanyamaza, akamkatia.

Kaka alikuwa kitini, nywele bado zimelowa, akitazama nje.

Wifi alisikiliza mpaka ikaisha. Akafuta mikono kwenye gauni. Akairudisha mwanzo, akaongeza sauti.