Jina Kwenye Kitako cha Gobore

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mahindi Harlan Weidner alipotoka kwenda karakanani kuchukua magobore mawili, ayapakie kwenye gari. Kesho yake ulikuwa unaanza mchezo wa vita wa siku mbili. Wanaume wengine wa pale Pennsylvania humaliza wiki kwa kuvua samaki. Harlan na binti yake Corinne huvaa makoti mazito ya sufu ya buluu na kupigana upya ile vita ya Kaskazini na Kusini iliyokwisha zamani. Hurushiana moshi na kelele, wakachoka, wakala mlo mmoja na maadui zao.

Magobore yenyewe yalikuwa mapya, yametoka kiwandani Italia kwa mfano wa yale ya kale. Ukimuuliza Harlan kwa nini hakununua la kale lenyewe, jibu lake lilikuwa moja. "La kale limeua mtu. Hili lina uzito uleule, mlio uleule, hata harufu ileile. Raha yote, dhambi hamna."

Lakini wapenzi wa mchezo huu wana ugonjwa wao: hawapendi gobore lionekane jipya. Harlan alichukua tupa akafuta kila kilichoandikwa kwenye chuma, jina la mtengenezaji, namba, hata ile alama ya kuonyesha kwamba mtutu umepimwa ukafaa. Yote mawili yakabaki hayana jina wala kwao. Kisha, kama walivyozoea wenzake, akaenda makaburini kwenye kanisa la Walutheri, akachagua jiwe la askari, akarudi kuchonga kwenye kitako cha gobore lake: AMOS REHRIG.

Hakuomba ruhusa. Angemwomba nani?

Sasa mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha karakana. Ndani, kitu kikakwaruza.

Krrrr... tup.

Chuma ndani ya chuma.

"Corinne?"

Alipofungua mlango alipokewa na harufu ya baruti iliyoungua, na jasho la sufu iliyolowa mvua. Hapakuwa na mtu. Magobore yalikuwa yameegemea ukuta kama alivyoyaacha. Alilichukua lake, akadondosha ndani ya mtutu ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Kila mchezaji anaijua sauti hiyo. Mtutu ukiwa mtupu, ufito hulia ting! kama kengele. Kukiwa na kitu ndani, haulii.

Tup.

Alifunga skrubu kwenye ncha ya ufito, akazungusha, akavuta taratibu. Kilitoka kipande cha risasi, na karatasi iliyong'atwa, kama askari wa kale walivyopasua vifuko vya baruti kwa meno. Alama za meno zilikuwa bado na mate.

"Baba, unaongea na nani huko?" Corinne alikuwa mlangoni, anatafuna tufaha.

"Umechezea gobore langu?"

"Mimi? Hata la kwangu sijaligusa tangu jana nilipolichonga jina. Umeanza kuzeeka, Baba."

Harlan hakuuliza ni jina gani. Laiti angeuliza.

Aliwaza wabaki nyumbani. Lakini angewaambia nini wenzake? Wangemcheka mpaka Krismasi. Alilisafisha gobore, akadondosha ufito tena. Ting! Moyo ukatulia, naye akapakia.

Kesho yake, jua lilipoanza kushuka, Sajini Dwight Stoltz alipita mbele ya mstari wao akikagua. Alikuwa rafiki wa Harlan tangu utoto, na mdomo wake haukuwa na likizo. Aliingiza ufito kwenye kila mtutu. Ting! Ting! La Harlan pia, ting!

"Safi, mzee. Ufito acha hemani." Hiyo ndiyo sheria yao. Uwanjani hakuna ufito, mtu asije akausahau ndani ukaruka kama mshale. Wala hakuna risasi. Ni karatasi yenye baruti tupu. "Halafu, Kijivu, wale wa Kusini, wamepungukiwa watu. Binti yako kabadili koti."

"Nani kamruhusu?"

"Mtu mzima yule, Harlan. Tena kijivu kinamkaa. Wewe hilo buluu linakulilia kwenye vifungo."

Watu walicheka. Harlan hakucheka.

Alisimama mwisho wa mstari, upande wa kushoto. Baada yake kulikuwa na nyasi tu, na uzio.

"Jaza!"

Alipopeleka mkono kwenye mkoba, ulimi wake ulionja uchungu wa baruti. Hakuwa ameng'ata karatasi hata moja. Ndani ya mtutu, chini ya vidole vyake, kitu kilitetemeka.

Krrrr... tup.

"Lenga!"

Desturi ni kuinua mtutu juu ya vichwa vya watu. Aliuinua. Ukashuka. Aliuinua tena... ukashuka, polepole, kama kuna mkono unaoukandamiza. Ulipotua, mbele yake kulikuwa na mtu mmoja mwembamba wa kijivu mwenye kitambaa chekundu shingoni.

Corinne.

"Fyatua!"

Mstari mzima ulilipuka. Harlan aliondoa kidole kwenye kifyatuzi. Ufito uko hemani, atajuaje kilichomo?

"Piga, Harlan! Umelala?" Dwight alifoka.

Jaza. Krrrr, tup. Gobore likazidi uzito. Jaza. Krrrr, tup. Kila amri, naye hapigi, machozi na moshi vinamchuruzika mashavuni. Ndipo akasikia mnong'ono kwenye sikio la kushoto, upande usio na mtu.

"Usipige... ni ndugu yangu."

Nyuki akapita karibu na sikio. Kofia ikamcheza kichwani. Tarumbeta ikalia, mchezo wa siku ile ukaisha.

Hemani, Dwight alijaribu kuingiza ufito kwenye gobore la Harlan. Uliingia kidogo tu, ukagoma. Karibu wote ulibaki nje.

"Harlan... umejaza nini humu?"

Harlan alifungua mkoba. Karatasi zote zilikuwemo, hazijaguswa. Dwight aligeuza kitako, akasoma jina, na kwa mara ya kwanza siku ile akakosa mzaha.

"Huyu bibi yangu alinisimulia habari zake. Walimkuta amekufa mstarini, gobore limejaa risasi mpaka mdomoni. Alijaza, akajaza, hakupiga hata moja. Wakamwita mwoga. Kumbe ng'ambo alimwona pacha wake, aliyekwenda kuoa Kusini akavaa kijivu."

Harlan alikaa chini. Kifua kilimfunguka. Basi marehemu hakutaka damu. Binti yake alikuwa salama, na yeye karibu acheke kwa furaha.

"Kumbe Amos alikuwa mtu mwema," alisema.

"Amos, ndiyo." Dwight alishusha sauti. "Pacha wake alipiga."

Corinne aliingia, uso mweusi kwa moshi, amelikumbatia gobore lake.

"Baba! Mbona hukupiga hata moja? La kwangu limelia mwanzo mpaka mwisho!"

"Mwanangu... ulichonga jina gani?"

Aligeuza kitako kwenye mwanga wa taa. ENOS REHRIG.

"Jiwe lake liko ubavuni mwa lile la Amos. Nilipenda yanavyofanana."

Harlan alivua kofia. Palikuwa na tundu mbele, na jingine nyuma. Sufu ilikuwa bado inanuka kuungua. Dwight alilichukua gobore la Corinne, akadondosha ufito.

Ting!

Tupu. Kila kilichoingia kilikuwa kimetoka.

Corinne alilipokea, akalipapasa taratibu. Hakuwa anamtazama baba yake usoni. Alikuwa anatazama vifungo vya koti lake, pale kifuani.

"Tamu hili, Baba," alisema. "Ila mkubwa wetu anasema nimelenga juu mno. Kesho nitashusha kidogo."