Mluzi Kwenye Ukurasa Mtupu

"Chai imechemka."

Maneno mawili tu, ndani ya kisikizi kidogo kilichofichwa sikioni mwa Pini. Ilikuwa ishara ya mpelelezi mwenzake: malori yameshapakiwa na madereva wamekaa kwenye usukani, wamefungulia redio.

Pini alifunga vizuri aproni, akanyanyua sinia la glasi, akaingia ukumbini.

Kwa aliyemtazama alikuwa mhudumu wa vinywaji. Chini ya aproni kulikuwa na bastola ya Glock yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la pamba, limepakwa chokaa na kupangwa viti vya plastiki, na mchana huo wa Jumamosi vilijaa vyote. Pembeni fundi wa redio alikuwa ameinamia mitambo yake, nyaya zimemzunguka miguuni. Onyesho lilikuwa likirushwa moja kwa moja hewani.

Hapo ndipo penye balaa.

Asubuhi alikamatwa dereva mmoja wa genge la magendo, risasi imekaa pajani. Kabla hajazirai alieleza mambo. Malori ya Scania, makombora ya kutungulia ndege, na wanunuzi ng'ambo ya mpaka wanaotaka kuipindua serikali. Simu wanaziogopa kwa sababu wanajua zinasikilizwa. Kwa hiyo mmoja wa wanamuziki wa onyesho hili angepiga kipande kimoja mara tatu, bila kukigeuza hata kidogo. Kikitimia, malori yanaondoka. Redio ikikatika ghafla, madereva wanalipua mzigo hapohapo walipo, na yadi wanayojificha imepakana ukuta na hospitali ya wazazi. Kikosi kilikuwa njiani kwenda kuizingira yadi, lakini kilihitaji muda.

Nani atakipiga hicho kipande? Dereva alizirai kabla hajasema.

"Mimi namtilia shaka yule mgeni anayepiga muziki kwa kompyuta," alisema kikaoni Mkuu wa idara yao ya usalama. "Ukishahakikisha, mtazame mhusika na uguse hereni. Kipanga atamaliza kazi."

Kipanga alikuwa mlenga shabaha. Wakati huu alilala kifudifudi juu ya boriti za paa, nyuma ya taa, na hakuna aliyekumbuka lini alikosa.

Pini alikubali upesi kupita kiasi. Aliyetunga muziki ule na kuwaongoza wenzake kwa saksafoni alikuwa kaka yake, wa tumbo moja. Nyumbani walijua Pini ni karani wa forodha. Moyoni aliomba awe mgeni. Hakuwa na chuki na mgeni yule hata chembe, ila lazima awe mtu fulani, na asiwe kaka yake.

Muziki ukaanza, na jamani, haukuwa muziki wa kutikisa kichwa. Jazi ilikuwemo, kisha ikakatwa, ikaingia sauti kama ya mlango mbovu, kisha kimya, kisha besi ikaguna. Bwana mmoja wa mstari wa mbele alimnong'oneza mkewe akiuliza kama bado wanajaribisha vyombo. Mkewe akamfinya.

Kaka alikuwa amemweleza Pini jinsi kazi hii inavyokwenda. Nusu ya kurasa zimeandikwa noti, nusu ni tupu kabisa. Kwenye ukurasa mtupu kila mmoja anabuni papo hapo, na sheria ni moja, unachokisikia unakiitikia.

"Hata mtu akikohoa, kile kikohozi ni chetu," alimwambia. "Asiyeitika hajasikia. Na asiyesikia, huyo si mwanamuziki."

Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Bomba likidondosha maji, analiitikia kwa kijiko. Sufuria ikilia jikoni, anaijibu kwa mdomo. Baba yao alikuwa akimfukuza mezani.

Jukwaani wakafunua ukurasa mtupu.

Balaa lilianza hapo, maana sasa kila chombo kilirudiarudia jambo lake. Besi ilizunguka palepale, kompyuta ya mgeni ilizunguka palepale, saksafoni nayo vivyo hivyo. Mpiga ngoma, mama mmoja mnene mwenye mikono myepesi ajabu, naye alikuwa na lake. Kipande chochote kati ya hivyo kingeweza kuwa ndicho.

"Pini. Nani?" Mkuu aliuliza sikioni.

Alimtazama mgeni. Uso ule haukumwambia kitu.

Ndipo akaliachia sinia.

Glasi zilipasuka kwa kishindo. Watu wakageuka, mmoja akamsonya. Lakini jukwaani mama wa ngoma alikwisha kudaka kishindo kile kwenye matoazi. Besi ikateleza chini kumfuata. Na mgeni, mshukiwa mwenyewe, alitabasamu, akakinasa kishindo ndani ya kompyuta na kukirudisha vipande vipande.

Alisikia. Aliitika.

Kaka hakuitika.

Alifumba macho, mishipa imemtoka shingoni, na saksafoni ikakimaliza kipande kilekile, vilevile, kama mtu anayesoma kwa kukariri. Akavuta pumzi. Akaanza tena.

Ni yeye. Kaka aliyejibu hata mabomba!

"Pini, nani? Sema!"

Mkono ulishafika shavuni. Vidole vilikaribia kugusa hereni, akavizuia. Hii ni mara ya pili au ya tatu? Hakujua. Alijua tu kwamba akiigusa, mama yao atazika mwana, na asipoigusa, watazika akina mama wengine wasio na hesabu.

Vidole vikashuka mdomoni.

Akapiga mluzi.

Miwili mifupi, mmoja mrefu unaopanda. Mluzi wa Mama, aliowaitia nyumbani jioni walipokuwa wadogo wakicheza mbali. Kaka popote alipokuwa, juu ya ukuta au katikati ya ugomvi, alikuwa akiuitika kabla hajafikiri.

Akauitika.

Saksafoni iliacha kipande katikati na kuporomosha noti tatu laini. Naam, Mama, nakuja. Kisha akafumbua macho na kuona alichofanya. Alijaribu kurudi kwenye kipande, lakini wapi! Besi ilishauchukua mluzi, ngoma zimeubeba, mgeni anautandaza ukumbi mzima. Kaka alisimama na saksafoni mdomoni bila kupuliza.

"Kipanga, usifyatue," Pini alinong'ona. "Huyu namchukua mimi."

Dakika zilipita kwa shida. Ukumbi ulikuwa umesimama ukipiga makofi sauti ya Mkuu ilipokuja.

"Hawakuondoka. Kikosi kimeingia yadini. Hakuna aliyekufa."

Alimkuta kaka kwenye ujia wa nyuma, anaipangusa saksafoni.

"Forodha, eti," kaka alisema.

"Ulijua kuna nini ndani ya malori?"

"Sikuuliza." Aliifunga saksafoni ndani ya sanduku lake. "Miaka yote nimepigia viti vitupu, mdogo wangu. Wao waliniahidi kumbi za dunia nzima. Leo viti hivi wamevijaza wao."

Pini alitamani kumpiga kibao na kumkumbatia kwa pamoja. Kaka alinyoosha mikono mwenyewe, akaomba pingu zisimbane vidole. Pini akazilegeza.

Nje, Land Cruiser yenye vioo vyeusi ilikuwa inaondoka naye simu ilipoita. Mama.

Alisikiliza redio mwanzo hadi mwisho, alisema, na hakuelewa kitu mpaka aliposikia mluzi wake. Alikuwa analia na kucheka. "Yaani mmenikumbuka mbele za watu wote! Hebu mpe kaka yako simu nimshukuru."

Pini alilitazama gari likikata kona.

"Hawezi kushika simu sasa hivi, Mama."

"Basi mwambie aje ale nyumbani. Nampikia."

"Nitamwambia."

Alikata simu, akachomoa kisikizi na kukitia mfukoni. Akavaa miwani ya jua, akaanza kutembea taratibu, mkono mmoja mfukoni.

Watu walikuwa wanatoka ukumbini. Nyuma yake mmoja wao alikuwa anapiga ule mluzi, miwili mifupi, mmoja mrefu.

Pini hakuitika.