Majibu Kumi ya Bi Salhiya

"Meza hii nani kaitaka?"

Bi Salhiya aliuliza bila ya hasira. Jumapili ile alikuwa amesimama uani kwake Makunduchi, ukingo wa meza unamfika kifuani, na kapu la mwani mbichi linamchuruzikia maji miguuni.

"Wewe, mama," Zeyana akajibu. "Si ulimwambia Wakil unataka kuanika kwa kusimama?"

"Huyo Wakil namjua jina tu. Hajapata kuniuliza kitu."

Zeyana akaitazama meza upya. Mwaka mzima yeye na Wakil, kijana wa Jang'ombe, walikuwa wakihangaika na meza ile katika karakana ya wanafunzi ya chuo chao cha mjini. Meza ya kukaushia mwani, yenye paa la nailoni, ili mvua isiwaharibie kina mama mavuno. Mwalimu wao, Bi Rahila, ana sharti moja lisilo msamaha: hakupi hata ubao mmoja mpaka umletee maswali kumi uliyomuuliza mtu atakayekitumia hicho kitu, na majibu yake. Wiki ya kuuliza maswali hayo Zeyana alikuwa na mtihani, Wakil akasema atakwenda Makunduchi peke yake kumuuliza Bi Salhiya. Akarudi na majibu kumi, mazuri kupita kiasi, na Zeyana akatia saini kwa moyo mweupe. Kumbe bwana mkubwa hata Kitogani, katikati ya njia, hakufika.

"Wenzangu tunaanika tumekaa, tunazungumza," mama akaendelea. "Kwa meza hii ntasimama peke yangu kama mlinzi wa hoteli. Na kuna jengine. Jana babaako kaletewa barua ya posa, imetoka kwa huyo huyo Wakil. Babaako kasema jibu lako alipate Ijumaa."

Barua hiyo Zeyana aliisubiri miezi mitano. Anampenda Wakil, tusifichane. Ingelifika wiki moja nyuma, angelilia kwa furaha. Sasa alichukua simu akaenda nyuma ya nyumba.

"Wakil, ulimuuliza mama yangu siku gani?"

Upande wa pili keekee ya kutobolea mbao ilikuwa inanguruma. Ikazimwa.

"Zeyana, nisikilize. Siku ile nlifika stendi kweli. Mvua ikashuka, nikakaa mgahawani, nikaandika mwenyewe. Maswali nliyaona mepesi. Nani asiyetaka kusimama kuliko kukaa chini?"

"Mama yangu."

"Nlitaka kazi iishe mapema, na posa ije mapema. Nakupenda, Zeyana."

"Leo umemuandikia mama yangu maneno asiyoyasema. Mimi nikiwa ndani kwako, utanisemea mangapi?"

Safari hii hakungoja kutungiwa jibu. Zeyana akakata simu. Jioni ikaingia meseji: "Nimekosa. Sina la kujitetea." Hakuijibu.

Jumanne ikaja nyengine: "Nshamwambia Bi Rahila kila kitu. Nimemwambia saini uliitia kwa kuniamini. Alama zangu kazifuta, zako kaziacha. Kanambia nianze upya, kwa kuuliza."

Zeyana aliisoma, akaenda kukuna nazi, akarudi akaisoma tena. Hasira ilikuwepo bado, lakini alimwonea huruma, na huruma ile ilimuudhi.

Alkhamisi asubuhi Wakil akabisha hodi. Mkononi ana msumeno, futi na daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndo wewe unayenijua kuliko ninavyojijua?"

"Ndimi, mama. Nimekuja kuomba radhi. Na kuuliza, kama utaniruhusu."

"Basi kaa chini. Hapa tunaulizana tumekaa."

Akakaa mchangani baina ya kina mama watano wanaochambua mwani. Zeyana alisimama mlango wa jikoni, akijifanya anapepeta mchele ambao ulishapepetwa.

"Mama, ukiwa umekaa hivyo, mkono unafika wapi?"

Bi Salhiya akanyoosha mkono. Wakil akapima, akaandika.

"Na hili paa, nilitoe?"

"Paa liache. Paa ndo kitu pekee ulichokipatia."

Wenzake wakacheka, na Wakil akacheka nao huku masikio yamemuiva. Aliuliza maswali yote kumi, na kila jibu alilirudia kwa sauti kabla ya kuliandika. Kufika alasiri alikuwa keshakata miguu ya meza, imeshuka chini ya goti, na kina mama wameizunguka kila mmoja na upande wake. Mazungumzo hayakukatika hata kidogo.

"Mama," Wakil akasema, "nina swali la kumi na moja. Si lako. Naomba ruhusa nimpe Zeyana daftari."

"Mpe. Mie macho yangu yako kwenye mwani."

Zeyana akafungua ukurasa. Palikuwa pameandikwa: "Zeyana binti Silima, barua niliileta kabla ya kukuuliza. Unanitaka?" Chini yake mistari mitatu mitupu.

"Mbona hukuandika jibu?"

"Si langu."

Machozi yakamlenga Zeyana. Miezi yote ile alikuwa akisubiri barua, hakujua kwamba alichokuwa akikitaka ni mistari ile mitupu. Akachukua kalamu, akaandika taratibu, akampa mama yake daftari.

"Mpelekee baba. Ijumaa ni kesho."

Bi Salhiya hakuwa na subira ya kumngojea baba mtu. Akasoma kwa sauti, na wenzake wakaacha kazi:

"Namtaka. Ila meza yetu, kabati letu na kila kitu cha nyumbani kwetu, ataniuliza kwanza, ndipo aguse ubao."

Wakil alifuta macho kwa mkono wenye unga wa mbao, akazidi kuyaharibu. Kisha akaokota futi yake.

"Nnaweza kuanza kuuliza sasa hivi?"

"Mwache baba ajibu barua," Zeyana akasema, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Halafu njoo uniulize. Nitakuwepo."