Walinisihi Niseme Neno Moja, Nikatabasamu

Nina umri wa miaka ishirini na minne. Ni fundi cherehani. Sijawahi kuiba hata kipande cha uzi, wala kumtamkia mtu neno chafu. Lakini kuna mtaa mmoja kule Kisauni ambako nikipita leo, kina mama huwafunika watoto wao nyuso kwa leso mpaka nipotelee kwenye kona...

Mnajiuliza nilifanya nini? Nilitabasamu. Basi! Nilitabasamu mahali nilipotakiwa kusema.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tukuyu, kwenye mvua na migomba. Ushonaji sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona upya, mpaka nikajua kila mshono umepita wapi. Lakini mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa wake: anaogopa kuuliza, maana akiuliza watajua kwamba hajui. Mimi pindo likipinda kidogo tu, silali. Nitawasha taa, nitalifumua, nitaanza upya. Sijisifu kwa hilo. Naungama.

Aliyenileta Mombasa ni Salome. Tumetoka kijiji kimoja, ila yeye alitangulia Kenya miaka mingi kabla yangu. Alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya nyumba ya Bi Zuhura, pale Kisauni, nyumba ndefu ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Aliniambia kwa simu kwamba kazi zimemzidi, niende tusaidiane. Nikaifunga cherehani yangu kwa magunia, nikapanda basi, na Bi Zuhura akanipangisha chumba humo humo.

Mtasema nina kinyongo na Salome. Ninacho! Wala sitakificha. Yule mwanamke alikuwa debe tupu lililopakwa rangi.

Miezi ile ya kwanza, kila Jumapili baada ya kanisa alinitembeza kunionyesha nchi. Tukivuka Likoni kwa feri, alisimama mbele kabisa akinyoosha kidole kwenye meli, kana kwamba zimeingia bandarini kwa ruhusa yake. Tukienda Port Reitz kutazama ndege zikishuka, alinitajia kila moja imetoka nchi gani, na zote alikuwa akizibuni papo hapo. Siku moja alinipeleka Miritini, akasimama mbele ya stesheni ya treni na begi tupu begani, nikampiga picha. Picha akaituma nyumbani: yuko safarini. Kisha tukarudi na vumbi la malori mpaka kwenye nyusi. Kule kijijini, watu wazima wenye akili zao wakakaa wakamwombea safari njema...

Niliyaona yote hayo. Nilimdharau moyoni kila Jumapili. Sasa mtu ninayejua kuwa ni mwongo wa ndege na treni, kwa nini nilimwamini kwenye jambo kubwa kuliko hayo?

Kwa sababu alinipa kanuni. Na mimi ukinipa kanuni, umenishika.

"Mdogo wangu, watu wa Pwani hawakwambii umekosea," aliniambia siku ya kwanza. "Wanakutazama tu, halafu wanakuweka fungu lako. Wewe niulize mimi."

Nikawa namuuliza yeye. Akanifundisha kwamba usianze na shida yako kabla ya salamu, na salamu yenyewe usiikimbize. Usimpite mama mtu mzima bila shikamoo, hata kama ulimwamkia saa hiyo hiyo akiwa upande wa pili wa nyumba. Ukiitwa, itika "abee", usiitike "nini". Nilizishika zote, na zote zilifanya kazi! Wapangaji wakanisifu kwamba yule Mtanzania ana adabu.

Aliyenipenda zaidi ni Bi Zuhura mwenyewe, mjane mwenye sauti ya taratibu. Asubuhi alinigongea mlango niende nikanywe naye chai, kwa mahamri na mbaazi za nazi. Alikuwa akiniita mwanangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana, simkumbuki sura. Siku Bi Zuhura aliponiita mwanangu mara ya kwanza, niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikalia. Nilijiambia kwamba nchi hii nimefika. Hapa sitoki.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho Kenya. Sikuwa na kingine.

Wakati huo wateja walianza kuipita cherehani ya Salome na kuja kwangu. Buibui, madera, sare za shule... Walisema pindo langu limenyooka. Salome alicheka, akanipiga begani, akasema nimemfunika. Nikadhani ni sifa! Mjinga mimi, hata nikamshukuru.

Siku chache baadaye alinipa kanuni mbili kwa pamoja. Ya kwanza, kwamba watu wa hapa hupenda kusifiwa, hivyo kila siku nitafute kitu cha kusifia. Ya pili aliisema polepole, huku akipima kitambaa, bila kuniangalia.

"Ila lile neno lao, mashallah, usilitamke. Wewe ni Mkristo. Wakikwambia useme, wanakupima kama utaichezea dini yao. Tabasamu, nyamaza. Watakuheshimu."

Ninyi mnaojua mambo ya Pwani mmeshashika vichwa. Kwa asiyejua, ni hivi: kule ukisifu kitu cha mtu, na hasa mtoto, bila kutaja jina la Mungu juu yake, sifa yako huwa jicho. Jicho la husuda. Mtoto huugua, mti hukauka, nywele hukatika. Mtu mwema husifu na kusema mashallah, kazi imekwisha. Asiyesema ana lake moyoni.

Mimi sasa nikaanza kusifu! Nilisifu mpapai wa uani kwa jinsi ulivyobeba. Nilisifu nywele za Mwanaisha, binti wa Bi Zuhura, aliyekuwa amerudi kwao kujifungua. Nilisifu maua ya jirani na kuku wa jirani. Kila nikisifu, mama aliye karibu alikuwa akinong'ona, "Mashallah." Nami natabasamu. Nilidhani wananiunga mkono...

Mwanaisha akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Imran. Alasiri moja, arubaini haijatimia, kina mama walijaa chumbani kwa mzazi. Ubani unafuka, mtoto yuko mapajani mwa bibi yake, ana nukta ya wanja kwenye paji la uso. Salome amekaa karibu na mlango. Nikainama, nikamtazama mtoto, na wallahi sikuwa na lolote moyoni ila furaha.

Nikasema ni mzuri, ni mnene, ana macho makubwa kama ya malaika, sijaona mtoto kama huyu tangu nizaliwe.

Kina mama wakatazamana.

"Sema mashallah, mwanangu," akasema Bi Zuhura.

Nikatabasamu.

"Si useme tu, dada," akasema Mwanaisha. Alikuwa amenyoosha mkono kumchukua mtoto.

Nikatabasamu zaidi.

Mama mmoja jirani, mwenye utani wake wa siku zote, akajaribu kucheka. "Neno lenyewe si zito, Mtanzania. Litoe, halikung'oi jino."

Nilimtazama Salome. Alikuwa akikagua kucha zake. Nikajiambia: huu ndio ule mtihani, na mimi siufeli! Nikanyamaza, meno yote nje, mpaka Bi Zuhura akamfunika mtoto kwa leso na kugeuza mazungumzo.

Nilitoka pale nikijiona mshindi. Mshindi!

Kabla jua halijazama, Imran alikataa ziwa. Mwili ukawa moto, kifua kikawa kinabana. Wakamkimbiza hospitali. Daktari alisema ni homa ya mapafu, akamlaza. Lakini nani alitaka kumsikia daktari? Nyumba nzima ilishapata jibu lake. Wakaukumbuka mpapai, ambao kweli ulikuwa umenyauka. Wakazikumbuka nywele za Mwanaisha, zilizokuwa zikikatika kama zinavyokatika za wazazi wengi. Hata kuku wa jirani akakumbukwa, na kuku mwenyewe aligongwa na pikipiki!

Wakaniita Bi Macho.

Nikipita uani, vyungu vinafunikwa. Nikisalimu, naitikiwa kwa nusu mdomo. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, wengine wakamtuma jirani avichukue. Vilikwenda wapi? Hatua chache tu pale barazani, kwenye cherehani ya Salome. Naye alikuwa akinipoza kwa sauti laini, ananiambia nivumilie, kwamba watu wa Pwani ndivyo walivyo, wana imani za ajabu. Nami nikaitikia. Nikawadharau! Nilikaa chumbani nikiwaona wajinga, watu wanaoamini kwamba jicho linaweza kukausha mpapai. Nikajiona mimi ndiye mwenye akili katika nyumba ile...

Imran alipona, akarudi nyumbani. Ndipo Bi Zuhura aliponiita. Safari hii hakukuwa na chai.

"Mwanangu, mimi sikuchukii," alisema, macho yake sakafuni. "Lakini nina mjukuu. Tafuta kwengine. Sikuharakishi, ila tafuta."

Bado aliniita mwanangu. Afadhali angenitukana.

Siku ya kuhama, mizigo yangu ikiwa nje, nilikwenda kumrudishia ufunguo. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Salome alikuwa amempakata Imran, msalaba wake unaning'inia shingoni, anamrusharusha na kumwambia, "Mashallah, tabarakallah, mume wangu huyu amepona."

Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyesema Mkristo anaichezea dini. Mwanaisha alikuwa akicheka. Neno lilimtoka Salome kama mate, la mtu aliyelisema miaka na miaka.

Nilibaki mlangoni na ufunguo mkononi.

Alipotoka barazani nilimfuata. Nikamuuliza, si wewe uliyeniambia nisilitamke? Alikaa kwenye cherehani yangu... ndiyo, yangu, nilikuwa sijaipakia. Akapitisha kidole kwenye gurudumu lake.

"Wewe si mtu wa kufanya kila kitu sawasawa? Basi na hilo ulilifanya sawasawa."

Alisema hivyo akitabasamu. Hakujua kwamba Bi Zuhura alikuwa amesimama kizingitini.

Nilitegemea radi. Nilitegemea mama yule amshike Salome nywele. Hakupandisha hata sauti. Alimwambia Salome aondoe vyombo vyake kwenye baraza yake. Kisha akanigeukia mimi, na maneno aliyonipa ndiyo ninayolala nayo.

"Yeye ni mbaya, sawa. Lakini sisi tulikusihi, chumba kizima. Ungeuliza kwa nini. Umekaa kwangu, umekunywa chai yangu, na hukuniuliza mimi hata mara moja. Ulituonaje?"

Niliwaona watu wa kunipima, siyo watu wa kuulizwa. Yule niliyemdharau kila Jumapili ndiye niliyempa masikio, na wale walionipa chai nikawaogopa.

Salome hakwenda mbali. Alihamia ng'ambo ya barabara, na wateja wakamfuata hadi huko. Ni mwongo, wanajua, lakini hana jicho! Namdharau mpaka leo, na nikiona picha zake za safari bandia natema mate. Dharau hiyo hainisaidii kitu.

Mimi sikuambiwa nirudi; sasa naishi Miritini. Nashona mapazia ya malori na vifuniko vya viti vya madereva. Idd ilipokaribia nilimshonea Imran kanzu ndogo. Shingo niliitarizi kwa mkono, pindo nililifumua na kulirudia mpaka nikaridhika. Nikampelekea Bi Zuhura kupitia mpangaji mmoja.

Kanzu ilirudi. Imekunjwa vizuri, haijavaliwa. Bi Zuhura akanipigia simu, akaniambia yeye anajua ukweli na amenisamehe kitambo. "Lakini mamake yuwaogopa. Nami siwezi kumvika mtoto wa mtu kwa nguvu, mwanangu."

Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia shikamoo, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi mliofungasha kwenda nchi ya watu: msikubali kusomewa wenyeji na mgeni mwenzenu, eti kwa sababu mmetoka naye kijiji kimoja. Wenyeji wapo. Wana midomo. Waulize wao wenyewe, hata ukiona aibu, hata wakicheka. Aibu ya kuuliza huisha siku hiyo hiyo. Hii yangu haiishi... Nawasihi, msipite nilipopita!

Ile kanzu nimeitundika nyuma ya mlango. Wakati mwingine nikiwa peke yangu naitazama, nalitamka lile neno kwa sauti, mashallah, hakuna anayenisikia. Yule mama jirani alisema kweli. Si zito hata kidogo.