Maji Meupe ya Mtaro

Ndama alilala ubavu kando ya mtaro wa Angwenyi, mtia rangi wa mkonge, amekufa, ulimi nje, umejaa malengelenge. Inspekta Obura hakukaa naye sana. Nyamusi, bintiye Bonareri, alikuwa hospitalini Kisii, mdomo umebabuka, na daktari alikuwa ametuma neno: niambieni amekunywa nini, maana mimi hapa napapasa tu.

Pale kijijini Marani majirani walikuwa na jibu tayari. Sumu, walisema, wakaelekeza macho kwa Orpah, mke mwenza wa Bonareri, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejifungia ndani. Obura aliwasikiliza huku akimtazama Bonareri, aliyekumbatia rinda la mtoto.

"Mama Nyamusi, hebu nione hilo."

Lilikuwa limetoboka vitundu vitundu kifuani. Obura alikumbuka suruali ya dereva wake, ilivyotoboka hivyo hivyo siku alipobeba betri ya gari iliyovuja.

"Alikunywa wapi?"

"Kwa mtaro. Yale mekundu nilimkataza, akanisikia. Jana akasema, mama, leo maji ni meupe."

Obura alimkuta Angwenyi akitia rangi mkonge wa vikapu. Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa lililoshindiliwa maganda ya ndizi, makavu, meusi. Maji mekundu yaliingia juu, yakatoka chini bila rangi, yakashika mtaro.

"Maganda umeyafanya nini?"

"Nimeanika tu, afande."

"Lete mikono."

Vidole vilikuwa vimechubuka.

"Umeyaloweka kwa asidi ya betri."

Angwenyi akakaa chini. Alikiri kwamba bila asidi maganda hayashiki rangi vizuri. Siku zote aliyasuuza mpaka yakaacha kuwasha. Lakini chifu alikuwa anakuja kukagua, na akikuta mtaro mwekundu, kazi inafungwa. Safari hii, kwa haraka, hakusuuza.

Obura akamtuma konstebo mbio kwenye simu: ni asidi ya betri, mtoto asitapishwe, isimuunguze mara ya pili.

"Ulijua yanaunguza?"

"Nilijua. Nilidhani hakuna mtu atakunywa maji ya mtaro."

Bonareri alikuwa amewafuata. Hakupaza sauti.

"Yakiwa mekundu yalijikataza yenyewe. Ulipoyafanya meupe, ulimwambia nani?"

Angwenyi alinyoosha mikono, akatiwa pingu.

Orpah alitoka nje jioni hiyo. Hakuna aliyemwomba msamaha.

Nyamusi alipona, kwa shida. Hata sasa ukimpa kikombe cha maji hanywi. Humpa mama yake aonje kwanza, na mama huonja.