Siku Kalamu Haikulia

"Usinishike. Nijibu tu. Ulimwambia azungushe sabini?"

Rabab aliurudisha mkono wake. Alikuwa amefika hospitali mbio, na sukari ya unga ya biskuti za Idi ilikuwa bado imeganda kwenye gauni lake jipya. Nyuma ya mlango wa kioo alilala mama yake Shadi, Hajjat Insaf, hana fahamu, dripu ya sukari mkononi.

"Ishirini na nne, Shadi. Nilimwambia Nihal ishirini na nne, kama kila siku."

"Muongo," akasema Nihal kutoka kwenye benchi. Huyo ni dada mkubwa wa Shadi, ndiye anayeishi na mama yao na kumchoma insulini kila asubuhi kwa kalamu ya kuzungusha dozi. "Nilikupigia baada ya swala. Ukasema leo ni Idi, mama atakula vitamu, mpandishie kalamu mpaka sabini."

"Muogope Mungu, Nihal."

"Wewe ndiye mwenye shahada ya dawa, watu wanakuita daktari. Mimi najua nini?"

Shadi alikuwa akizungukazunguka kama mtu aliyepoteza funguo.

"Daktari wa zamu kasema mama amepata kama mara tatu ya dozi yake. Mara tatu, Rabab. Dada yangu angeitoa wapi namba hiyo?"

"Muulize. Mimi umeniuliza, nimekujibu. Muulize na yeye."

"Simuulizi mtu aliyemshusha mama mgongoni ngazi za ghorofa nne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imekwisha. Siwezi kumuoa mtu aliyekaribia kunizikia mama."

Aliyasema hayo mbele ya ami yake Hajj Sabri, mbele ya mashangazi na majirani waliokuja moja kwa moja kutoka kwenye chai ya Idi. Hakuna aliyemwambia apunguze sauti. Rabab aliwatazama mmoja mmoja, akazishika nyuso zao kichwani, kisha akaondoka.

Hajjat alizinduka kesho yake. Jina la Rabab halikuzinduka.

Mjini Tanta habari haihitaji gazeti. Wiki ile ile wanawake walianza kuingia kwenye duka la dawa alikofanya kazi na kuuliza, "Yule msichana yupo? Basi nitarudi." Mwenye duka, mzee Wagih, alimuita pembeni.

"Siyo kwamba nawaamini, binti. Ila kaa stoo kidogo, upepo upite."

"Upepo haupiti, daktari. Upepo una jina, na anwani naijua."

Nyumbani mama yake alikuwa anakitazama kisanduku chekundu cha dhahabu ya uchumba kama mtu anayetazama nyoka aliyelala.

"Na hii?"

Simu ya Rabab ilikuwa imeshajibu. Ujumbe wa Shadi ulisema: *Dhahabu baki nayo. Desturi ni desturi, mwanamume akikataa, dhahabu inabaki kwa binti. Na mimi ndiye niliyekataa.*

Rabab aliusoma mara mbili. Alikuwa amempenda mtu huyu miaka mitatu. Alimpenda hata anavyokata nyanya vibaya. Hakujibu. Alikiweka kisanduku kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo, akamwambia mama yake:

"Atayameza maneno yake. Mbele ya watu wale wale. Hapo ndipo nitajua pa kuipeleka hii dhahabu."

Wiki saba zikapita akipanga maboksi.

Asubuhi moja mlango wa stoo ukasukumwa na fimbo. Hajjat Insaf, amevaa nguo nyeusi, kopo la biskuti kwapani.

"Wamekuficha huku kama panadoli zilizopitwa na wakati."

"Mama." Rabab alisimama, kisha akakumbuka. "Hajjat. Umekujaje peke yako?"

"Niite mama, mimi sikukukataa. Nihal yuko sokoni anachagua kitambaa. Ijumaa inasomwa Fatiha ya posa ya Shadi. Nihal kamtafutia rafiki yake Yusra."

Rabab alimvutia kiti.

"Binti yangu, tangu siku ile wamenirudisha kwenye chupa ya zamani na mabomba ya sindano. Sukari mara juu, mara chini, mwili unatetemeka. Daktari wangu ameniandikia tena kalamu, lakini Nihal hataki hata kuiona. Sasa nina jambo, na nikilisema nyumbani wananiambia sukari imenipanda kichwani."

"Sema."

"Ile kalamu uliyonifundisha, ukiizungusha inalia. Ti, ti, ti. Macho yangu hayaoni tarakimu, lakini masikio ninayo. Kila asubuhi nasikia inavyolia, ndipo nachomwa. Siku ya Idi nilikuwa natazama televisheni, tumbo nimelifunua, nikachomwa." Akainama mbele. "Haikulia. Sabini, hata moja haikulia."

Rabab alihisi damu inamrudi usoni baada ya wiki saba.

"Kalamu ya siku ile iko wapi?"

Hajjat alifungua kopo. "Mimi situpi kitu. Nihal aliitupa, nikaiokota."

Rabab aliivua kifuniko na kuinua kalamu dirishani. Ndani ya kichupa, mpira unaosukuma dawa ulikuwa umejivuta mbele peke yake. Fimbo ya kalamu ilikuwa imebaki nyuma, na kati yao kulikuwa na nafasi ya nusu ukucha. Kalamu ikizungushwa na kubonyezwa, fimbo ndiyo inayousukuma mpira, vinakwenda pamoja. Mpira haujivuti wenyewe, ila mtu awe ameingiza sindano kwa mbele na kunyonya.

"Mama, siku ya Idi sindano ndogo za kalamu zilikuwepo?"

"Ziliisha usiku wa kuamkia Idi. Nilimtuma Nihal azinunue mara mbili. Kasema ameshanunua."

"Nami aliniambia kwenye simu zipo."

Wakatazamana.

"Nimwambie Shadi leo?" akauliza Hajjat.

"Hapana." Rabab aliifunga kalamu polepole, akairudisha ndani ya kopo, akabaki nalo. "Ukimwambia leo atakuja kuniomba msamaha stoo, kati ya maboksi. Mimi nilivuliwa nguo hadharani. Ijumaa, mama. Nialike."

Hajjat aliegemea fimbo yake.

"Una moyo mgumu leo."

"Nimefundishwa."

"Basi njoo baada ya Alasiri. Sharbati ikishamiminwa."

Ijumaa hiyo sebule ya ghorofa ya nne ilikuwa imejaa. Hajj Sabri na wanaume karibu na dirisha, Yusra na mama yake kwenye kochi kubwa, Nihal akipita na sinia la sharbati nyekundu. Mlango ulipofunguliwa Rabab akaingia na kopo la biskuti, na kigelegele kimoja kikakatika katikati.

"Huyu nani kamuita?" akauliza Nihal.

"Mimi," akasema Hajjat. "Nyumba ni yangu."

Shadi alisimama. "Rabab, siyo leo. Tafadhali."

"Sitakaa. Nina swali moja kwa dada yako, nitaondoka kabla sharbati haijapoa."

"Sharbati ni ya baridi," akasema shangazi mmoja, na mwingine akacheka, akajizuia.

"Afadhali. Nihal, siku ya Idi nilikuambia uzungushe sabini?"

"Wote wanajua."

"Ukazungusha."

"Nikazungusha."

"Mama yako amechomwa ishirini na nne kila siku kwa miezi mitatu, kwa mkono wako. Asubuhi moja sauti kwenye simu inakuambia sabini. Hukushtuka? Hukuuliza, jamani mbona nyingi?"

"Wewe ndiye daktari."

"Hata muuza karanga akikuzidishia mara tatu unamuuliza. Mama yako hukumuulizia." Rabab aliongea taratibu, kama anayesoma cheti cha dawa. "Basi mimi naliona moja tu. Ulijua ni nyingi. Ukazungusha ukijua. Wewe ulitaka afe."

Mama yake Yusra aliweka glasi chini. Hajj Sabri akakohoa. "Binti, hilo ni neno zito."

"Ndiyo, ami. Lilikuwa zito vile vile nilipotupiwa mimi, na hukukohoa."

Sinia lilianza kulia mikononi mwa Nihal, glasi zikigongana.

"Mimi nitake mama yangu afe? Mimi?"

"Mtu aliyezungusha sabini kwa kujua, tumwite nani?"

"Sikuzungusha sabini," akasema Nihal. Sauti ilimpasuka. "Sikuzungusha chochote. Nilivuta ishirini na nne. Kwa bomba. Ishirini na nne kamili, naapa, niliinua kwenye mwanga nikahesabu mistari. Sindano za kalamu nilisahau, maduka yamefungwa, nikavuta kwa bomba la zamani kama tulivyokuwa tukifanya miaka yote. Ishirini na nne ni ishirini na nne. Sijui kwa nini alianguka. Mpaka leo sijui."

Watoto waliokuwa wakicheza ukumbini walikuja kuchungulia mlangoni.

Rabab aliichukua chupa ya sharbati nzito kutoka kwenye meza, ile ambayo bado haijatiwa maji. Akajaza glasi moja, akaiweka kando ya glasi iliyokwisha kukorogwa.

"Glasi hizi mbili zinalingana?"

"Zinalingana," akasema shangazi.

"Ninywe hii nzito yote, ni sawa na kunywa hiyo?"

"Utatapika, binti."

"Glasi ni ile ile, utamu siyo ule ule. Insulini ya zamani ya mama ilikuwa kama hii iliyotiwa maji, na mistari ya bomba imechorwa kwa ajili yake. Ya kwenye kalamu ni nzito mara tatu. Kalamu inalijua hilo, ndiyo maana inahesabu yenyewe. Kidirisha chake kikisoma ishirini na nne, ni ishirini na nne. Bomba halijui. Ukivuta mistari ishirini na nne ya dawa hii, umevuta sabini na mbili." Akageuka. "Niliwaambia nyote wawili siku nilipoileta. Kalamu haivutwi kwa bomba, hata siku moja. Shadi, ulikuwepo. Ulikuwa unatazama mpira kwenye televisheni."

Shadi alikuwa mweupe kama ukuta.

"Nihal," akasema. "Kwa nini sabini?"

Nihal alikuwa ameketi sakafuni, sinia mapajani. "Daktari wa zamu alisema mara tatu. Nikapiga hesabu. Niliogopa, Shadi. Nilidhani nimemuua. Nikatafuta mtu."

"Ukanipata mimi," akasema Rabab.

Yusra akasimama. Alikuwa msichana mtulivu, wengi walidhani hana la kusema.

"Shadi, kabla hujamuacha huyu, ulimuuliza dada yako swali hata moja?"

"Hapana."

"Basi na mimi siku yangu ikifika hutauliza." Akavaa mkoba. "Mama, twende. Fatiha tutaisoma kwa jambo lingine."

Viatu vyao vilisikika vikishuka ngazi za ghorofa zote nne.

"Rabab," akasema Shadi.

"Bado. Kwanza sema uliyoyasema hospitalini, uyageuze. Kwa sauti ile ile."

Akayasema. Mbele ya Hajj Sabri, mbele ya mashangazi na majirani, alisema kwamba Rabab alitoa dozi sahihi na alionya mapema, kwamba kosa lilikuwa la nyumba yao, na yeye mwenyewe hakuuliza. Mara mbili alipotea katikati ya maneno. Rabab hakumsaidia.

Kisha akalifungua kopo, akampa Hajjat boksi jipya la kalamu na paketi mbili za sindano zake, akamuinamia Nihal.

"Zikibaki tano, nunua nyingine. Usisubiri moja."

Nihal aliitikia kwa kichwa. Hakuweza kumtazama.

Jumapili mzee Wagih alimrudisha Rabab kaunta ya mbele, akalitangaza hilo kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Jumatatu simu ilianza kuingiza ujumbe wa Shadi.

*Nisamehe.*

*Nimekosa. Naomba dakika tano tu.*

*Mama kasema hali chakula changu mpaka nikuone.*

Jumanne akaja mwenyewe, hajanyoa, na boksi la halua ya dengu mkononi, ile anayoipenda Rabab. Moyo wa Rabab ulipiga vile vile ulivyopiga siku zote. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Tuanze upya," akasema Shadi. "Nitakuja na ami. Nitakuja na mtaa mzima ukitaka."

"Bado unanipenda?"

"Sikuacha."

"Naamini. Na hata mimi sikuacha, nisikudanganye." Akainama chini ya kaunta, akaweka kisanduku chekundu kati yao. "Chukua."

"Hiyo ni yako. Mimi ndiye niliyekataa."

"Mwanamume akikataa, dhahabu inabaki kwa binti. Binti akikataa, anairudisha." Akakisukuma kwa vidole viwili mpaka kikamgusa kifua. "Ninairudisha. Leo mimi ndiye ninayekataa, na Tanta nzima itakuona ukitembea nacho."

"Kwa sababu ya kosa moja?"

"Nihal alikosea kipimo, na nimemsamehe kwa sababu alikuwa hajui. Wewe ulinijua miaka mitatu, ukanipima kwa dakika mbili kwenye korido."

Shadi akakichukua kisanduku, akageuka, akakutana na mama yake mlangoni.

"Nisubiri garini," akasema Hajjat, akampita. Akaketi mbele ya kaunta, akatoa kalamu yake kwenye kopo. "Nihal leo kanifungia sindano, lakini namba nataka uione wewe."

"Zungusha, mama."

Ti, ti, ti, ti. Hajjat alikuwa akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Usihesabu milio. Soma kwenye kidirisha."

"Macho yangu, binti yangu."

Rabab aliinama. Akaisogeza kalamu kwenye mwanga.

"Ishirini na nne," akasema. "Nipo hapa. Nitakusomea."